Plamu Zilizopoteza Poda

Mama yake aligundua kwa kutazama plamu.

Hakutufumania, maana hapakuwa na la kufumania. Hakuna aliyembusu mwenzake, hakuna aliyejificha na mwenzake nyuma ya banda. Hata mkono wangu mwanawe alikuwa hajawahi kuushika waziwazi. Lakini mama yule alikuwa ameishi na plamu tangu alipoolewa, na plamu zilituchongea zote, moja baada ya nyingine, huku sisi tumesimama mbele yake vichwa chini.

Ngoja nieleze, kwa sababu hata mimi kabla ya kwenda kwenye shamba lile sikujua kama tunda linaweza kumchongea mtu.

Plamu ikiivia mtini huwa na unga mwembamba mweupe juu ya ngozi yake. Pale shambani waliuita poda. Ukiigusa plamu kwa kidole, poda inatoka, alama ya kidole inabaki, na hairudi tena hata umwombe nani. Wanunuzi wa mjini wanataka plamu yenye poda yake. Isiyo nayo wanasema imeshikwashikwa, na mwisho wake ni kupikwa jamu. Kwa hiyo mvunaji hushika kikonyo tu, anakizungusha kidogo, kisha anailaza plamu taratibu ndani ya mfuko unaoning'inia kifuani. Mmoja yuko juu ya ngazi, mwenzake yuko chini ameishikilia. Mfuko ukijaa, wa juu anateremka, wanazipanga kwenye kreti, wanabadilishana. Ndiyo kazi yote hiyo, tangu umande haujakauka mpaka jua linapokuwa halivumiliki.

Mimi ni msusi. Kiangazi kile saluni ninamokodi kiti ilifungwa kwa ukarabati, na mteja wangu mmoja akaniambia kuna shamba la familia linalopokea watu wa kujitolea wakati wa mavuno. Unavuna, wanakupa kitanda, chakula, na matunda ya kula mpaka uyachoke. Nikaona bora huko kuliko kukaa chumbani nikikodolea dari macho. Nilikwenda kupumzisha miguu. Moyo sikuupangia kazi yoyote.

Basi nikamkuta yeye.

Dada yake alimwita Ngongoti kwa ule urefu wake, na jina likamganda. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kichwa kilichonyolewa kikang'aa, na alikuwa na namna ya kukutazama kama anayesikiliza kitu ambacho bado hujakisema. Yeye ndiye aliyebebesha nusu ya miti ya shamba lile kwa mikono yake, akiunga kikonyo cha mti mzuri kwenye shina la mche mwingine. Akipita katikati ya mistari alikuwa akigusa mashina, hili na hili na hili, kama mwalimu anayepita darasani. Siku ya kwanza nilimwona akifanya hivyo nikacheka. Siku ya tatu nikatamani kuwa mti.

Plamu ya kwanza aliniletea kwa sababu ya kweli kabisa. Yeye alikuwa juu, mfuko umejaa, imebaki moja tu kwenye ncha ya tawi. Akaichuma, akanyoosha mkono chini. "Pokea," akasema. Nikapokea. Vidole vyake vilikuwa vya moto kwa jua, vyangu vya baridi kwa sababu nilikuwa nimetoka kunawa. Ni hayo tu. Nikaiweka kwenye kreti, nikashika ngazi, na nikaiona dunia nzima imebadilika rangi.

Kesho yake akanipa nyingine, na mfuko ulikuwa nusu. Keshokutwa yake mfuko ulikuwa mtupu. "Pokea." Ninapokea. Akawa haachii haraka, nami nikawa sina haraka. Zamu yangu ya kupanda ikifika, nami ndiyo hivyo hivyo, nachuma, nainama, "Pokea." Watu wengine walivuna kwa mifuko. Sisi tukawa tunavuna mkono kwa mkono, plamu moja moja, tukiona tumepata ujanja ambao hakuna mtu duniani amewahi kuufikiria.

Sasa tulikuwa tumesimama kwenye banda la kupangia, mbele ya meza ndefu, na Mama alikuwa ameinua plamu moja kwa kikonyo chake, anaizungusha kwenye mwanga wa dirishani. Akaiweka. Akachukua nyingine.

"Kreti hii ya nani?"

"Ya mstari wa bondeni, Mama," alisema dada mtu bila kuinua macho. Sote tulimwita Dada Mizani, maana kila kilichotoka shambani lazima kipite kwenye mizani yake, na ulimi wake nao ulikuwa haumkosi mtu.

"Sijauliza mstari. Nimeuliza ya nani."

"Yetu," alisema Ngongoti. "Mimi na Msusi."

"Njooni karibu."

Tukasogea. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye aproni isiyovuliwa na goti moja lililokuwa likimsumbua, na alipotaka kukugombeza alishusha sauti mpaka ukalazimika kuinama kumsikia.

"Hapa pana dole gumba," akasema. "Tazama lilivyo. Hilo ni la baba yenu, Mungu amrehemu, na wewe ndiye uliyelirithi. Haya, geuza upande huu. Vidole viwili, vyembamba, vya mtu aliyezoea kushika nywele." Akachukua nyingine. "Na hii. Na hii hapa. Plamu moja, watu wawili. Huo ni uvunaji gani, nifundisheni, maana mimi nimezeeka."

"Mfuko ulikuwa umejaa," Ngongoti akasema.

"Ulijaa kreti nzima?"

Dada Mizani akakohoa kile kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

"Na wewe mgeni? Mfuko ulikuwa umejaa?"

Nilitaka kumuunga mkono mwenzangu. Wallahi nilitaka. Lakini yule mama alinitazama usoni bila hasira yoyote, nikauacha uongo.

"Hapana, Mama. Haukujaa."

"Afadhali wewe." Akaisukuma kreti pembeni, kwenye zile za jamu. Ndivyo mapenzi yangu yalivyoanza maisha yake rasmi, kwenye sufuria la jamu. "Kesho ndiyo siku yako ya mwisho, siyo?"

"Ndiyo, Mama. Nitaondoka mchana na Dada, anipeleke stesheni."

"Basi asubuhi utavuna na mimi. Kuna mti umebaki kule juu ulichelewa kuiva. Ngazi nitashika mimi."

"Mama, goti lako," alianza Ngongoti.

"Goti langu halijakutuma ulisemee."

Akatoka. Ngongoti alinitazama, na katika macho yake nikaona jambo lililonitia hofu kuliko ukali wa mama yake. Nikaona mtu ambaye ameshaamua. Kisha naye akatoka, akainama mlangoni kama kawaida yake ili asigonge kichwa.

Dada Mizani akafuta mikono. "Pole," akaniambia. "Mchumba wangu wa kwanza naye alishikiwa ngazi. Aliteremka akaenda moja kwa moja nyumbani kwao, na kofia yake akaisahau huku."

"Alimwambia nini?"

"Mpaka leo sijui. Ila yule nilikuwa simpendi sana, kwa hiyo sikuuliza." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Wewe naona utauliza."

Usiku ule usingizi na mimi tulikuwa maji na mafuta. Asubuhi nikanawa uso, nikafunga kitambaa, nikavaa mfuko wangu kifuani, nikamfuata Mama hadi mti wa juu. Alitembea mbele, polepole, akikanyaga kwa uangalifu upande wa lile goti, na hakukubali nimbebee ngazi. Tuliibeba wawili, yeye kichwani mwa ngazi na mimi mkiani.

"Panda," akasema.

Nikapanda. Nikachuma ya kwanza, nikailaza mfukoni. Ya pili. Ya tatu. Chini yangu nilikuwa naona utosi wa kitambaa chake na mikono yake miwili imeng'ang'ania mbao. Wazo likanijia kwamba akiachia sasa hivi, tatizo lake litakuwa limekwisha. Nikajikaza nisicheke.

"Unavuna vizuri," akasema. "Una mkono mwepesi. Ukiwa peke yako."

"Asante, Mama."

"Unajua nina mtoto mwingine? Mkubwa wao?"

"Nimesikia. Sijui habari zake."

"Aliondoka na mvunaji. Msichana mzuri, sina baya la kumsema. Alikuja kujitolea kama wewe, akacheka mezani kwangu kama wewe, nikampenda. Siku ya kuondoka alinikumbatia hapo uani. Akasema, Mama, tutakuwa tunakuja kila mara."

"Wanakuja?"

"Wanapiga simu." Akahamishia uzito kwenye mguu mzima. "Ananiuliza, Mama, mvua imenyesha? Namwambia imenyesha. Na huko kwenu? Ananiambia huku jua. Basi. Tukimaliza mvua yangu na jua lake, tunaagana. Mtoto niliyekuwa nikijua njaa yake kwa kumtazama mgongo."

Nilishika kikonyo cha plamu nikakisahau mkononi.

"Vuna, usisimame."

Nikavuna.

"Mama, mimi sijamwomba aondoke."

"Najua. Na yule naye hakumwomba. Hawaombwi hawa. Wanafuata wenyewe." Sauti yake ilishuka, nikalazimika kuinama. "Usije ukadhani nakukataa kwa sababu ya kazi yako, au kwa sababu siwajui watu wa kwenu. Hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba ninyi mnapenda mavuno. Nani asiyependa mavuno? Mnakuja matunda yameiva, tunakula nje, jioni kuna upepo, kila mtu anamwona mwenzake mzuri. Hamjaliona shamba. Shamba ni wakati wa kupogoa matawi. Miti mitupu, tope, vidole vimekufa ganzi, na huna hata tunda moja la kutia mdomoni. Wakati huo hajawahi kuja mtu hapa kujitolea."

"Hatujaitwa," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hamjawahi kutuita wakati huo, Mama. Mnatafuta watu wa kuvuna, watu wa kuvuna ndio wanaokuja."

Ngazi ikatikisika. Nikachungulia chini nikidhani nimemkasirisha, kumbe anacheka, mabega yanamcheza. Kicheko chenyewe hakikukaa.

"Una mdomo," akasema. "Ndiyo maana kakupenda, yeye hana." Akavuta pumzi. "Sikiliza, mgeni. Atakwambia anakufuata. Leo, kabla hujaondoka. Namjua tangu alipokuwa ananipiga mateke tumboni. Mimi nikimkataza ataona namfunga kamba, ataondoka kwa hasira, na huyo ndiye sitampata tena hata kwa simu. Lakini wewe ukimwambia abaki, atakusikia. Mwambie abaki."

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe nini?"

"Mimi nampenda."

Nilikuwa sijalisema neno hilo kwa mtu yeyote. Hata yeye mwenyewe nilikuwa sijamwambia. Na sasa nilikuwa nimelisema juu ya ngazi, mfuko wa plamu kifuani, nikimwambia mama yake mzazi, ambaye alikuwa ameshika kila kilichonizuia nisianguke.

Ndege mmoja akaja akatua kwenye tawi la juu, akadonoa tunda, akaondoka.

"Najua unampenda," akasema mwishowe. "Asiyempenda ningemfukuza tu, nisingepanda kilima hiki na goti hili. Ndiyo maana nakuomba."

Sikumwahidi. Nataka hilo lijulikane. Niliteremka, tukazipanga plamu kwenye kreti, naye akazikagua akasema safi, tukarudi. Njiani aliniuliza kama nina watoto wa dada zangu, nikamwambia ninao, tukaongea habari za watoto kama wanawake wawili waliotoka sokoni.

Ngongoti alinisubiri kwenye bomba nyuma ya jiko. Alikuwa anajifanya anasugua utomvu mikononi, lakini mikono ilikuwa imetakata zamani.

"Amekusema?"

"Tumevuna."

"Mama hawezi kuvuna tu."

"Basi ameniuliza habari za watoto wa dada zangu."

Akafunga bomba. Akaangalia mlango wa jiko, kisha akaniangalia mimi, na akafanya kitu ambacho nilikuwa nimekisubiri kiangazi kizima. Akanishika mkono. Bila plamu katikati. Mkono wake ulikuwa umelowa, mkubwa, na una magamba magamba ya kazi, na nikahisi nimefika mahali nilipokuwa nikienda tangu nizaliwe.

"Nimefunga begi," akasema.

"Begi gani?"

"Langu. Naondoka na wewe. Kuna kitalu cha miche nje kidogo ya mji wenu, wanatafuta mtu wa kubebesha. Nimeshaongea nao. Nitapanga chumba changu, sitakuganda. Jumapili nitakuja saluni, nitakaa kwenye foleni kama wateja wengine."

"Na kipara hicho?"

"Nitafuga nywele."

Nikacheka, na machozi yakawa karibu sana na kicheko. Kwa sababu niliona yote. Nilimwona akiinama kuingia kwenye mlango wa saluni yetu, wasusi wenzangu wakipigana viwiko. Nilimwona mezani kwangu jioni, viatu vyake vikubwa kando ya vyangu mlangoni. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba maisha hayakupi kitu kama hicho mara nyingi, na ninyi mnaosoma mkisema mimi ningefanya hivi au vile, ninyi hamkushikwa mkono ule.

"Umemwambia Mama?"

"Nitamwambia tukiondoka."

"Hiyo siyo kumwambia. Hiyo ni kumuaga."

Akatazama chini. "Nikimwambia mapema nitashindwa. Nikimwona amesimama pale na aproni yake, nitashindwa. Nimeshindwa mara nyingi, Msusi. Kila kiangazi nasema mwaka huu nitakwenda kuona kwingine, halafu majani yanadondoka, kuna miti ya kupogoa, kuna miche ya kubebesha, naona haiwezekani. Safari hii sitaki kuona haiwezekani."

"Hulipendi shamba?"

Swali lile lilimshangaza. Akageuka akalitazama, mistari yote ile inayoshuka mpaka bondeni.

"Nalipenda," akasema. "Nimelipenda hata sijui nisipokuwa hapa huwa mtu gani. Lakini nakupenda wewe pia, na wewe unaondoka."

Hivyo ndivyo alivyoniambia. Kwa sauti ya kawaida, kama anayeniambia maji yamekatika. Nami sikuweza kumjibu kwa sababu Dada Mizani alikuwa ameanza kupiga honi.

Pikapu ilikuwa imesimama uani, nyuma imepangwa kreti mpaka juu. Nikaenda kuchukua begi langu. Niliporudi, la kwake lilikuwa limeshafungwa kwa kamba juu ya kreti, begi jeusi la zamani lenye zipu iliyokufa, na yeye mwenyewe ameketi ndani, katikati, magoti yamemfika kidevuni. Nikaingia upande wa dirisha. Bega lake likagusa bega langu. Dada Mizani akiwa kwenye usukani alimtazama kaka yake, akanitazama mimi, akalitazama lile begi kupitia kioo cha nyuma. Safari hii hakuwa na utani.

"Mama anajua?"

"Atajua sasa hivi," akasema Ngongoti.

Mama alikuwa ametokea mlangoni pa banda. Alikuwa na kitambaa cha kufutia meza mkononi. Aliliona begi. Nilimwona akiliona. Hakuja mbio, hakuita, hakulia. Alianza kukikunja kile kitambaa, akakikunja mara mbili, akakikunja tena mpaka kikawa kidogo kama sabuni, na hakuacha kututazama. Ngongoti hakugeuza shingo. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo, na mshipa ulikuwa unamcheza shavuni.

Nikaelewa kwamba siku alipoondoka yule mkubwa, Mama alisimama hivyo hivyo. Na ndani ya gari kulikuwa na msichana kama mimi, mzuri, asiye na baya, aliyekuwa akipunga mkono.

"Washa gari, Dada," Ngongoti akasema.

"Shuka," nikasema.

Akageuka. "Nini?"

"Shuka. Baki."

"Amekwambia nini huko juu?"

"Hajaniambia kitu usichokijua. Umeniambia mwenyewe pale kwenye bomba kwamba usipokuwa hapa hujui wewe ni mtu gani. Mimi nampenda huyu wa hapa. Yule mwingine hata wewe humjui, utaniletea nani?"

"Utanizoea."

"Nitakuzoea, na utakuwa unapiga simu kuuliza kama mvua imenyesha."

Hilo lilimfika. Niliona lilivyomfika. Dada Mizani alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya usukani, macho mbele, kama mtu anayefanya mtihani wa udereva.

"Mwenyewe nitarudi," nikasema. "Majani yakiisha kudondoka nitakuja kupogoa. Hamna mtu anayekuja wakati huo, sivyo? Basi nitakuja mimi. Nitaomba ruhusa saluni. Nitakuja kwenye tope."

Alinitazama kwa yale macho yake ya kusikiliza.

"Wote husema watarudi," akasema.

Alilisema polepole, bila ubaya, na lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na viapo tele mdomoni. Lakini kiapo hakiwezi kumthibitishia mtu kitu, ningeweza kuapa mpaka treni iniache na bado ningekuwa mvunaji mwingine anayesema maneno mazuri siku ya kuondoka. Kwa hiyo nikafungua mlango, nikashuka ili apite.

Naye akapita. Alishuka, akanyooka kwa urefu wake wote mbele yangu, karibu sana, nikasikia harufu ya utomvu na sabuni. Nilidhani atasema kitu. Akainua mkono, akanisawazishia kitambaa kichwani ambacho hakikuwa kimekaa vibaya. Kisha akaenda nyuma ya gari kufungua kamba.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa amefika dirishani kwangu, hata sikumsikia. Kitambaa kilikuwa bado kwenye ngumi yake. Midomo yake ilifunguka ikafunga, na nikaona kwamba mwanamke yule aliyekuwa na neno kwa kila mtu, leo limemkosa.

"Funga kioo, mwanangu," akasema. "Njia ina vumbi."

Nikafunga. Dada Mizani akaondoa gari taratibu, ile taratibu ya kumpa mtu nafasi. Sikugeuka mpaka tulipofika kwenye lango. Nilipogeuka nilimwona amesimama katikati ya uani, begi jeusi begani, na mama yake kando yake akimfikia kifuani. Hakupunga mkono. Mimi pia sikupunga.

Tukaingia barabara kubwa. Dada Mizani alibadilisha gia, akatafuta redio, akaizima.

"Lia tu, wifi," akasema. "Stesheni bado mbali."

Nikalia. Wala sikulia kwa sababu ya kumwacha, maana nilijua nitarudi, nilikuwa na hakika nalo kama ninavyolijua jina langu. Nilimwambia ashuke na nilimaanisha. Mama yake aliniomba nami nikafanya, na ningeulizwa tena ningefanya vile vile. Kilichoniliza ni kingine, na nilikuwa naona aibu hata kukitamka mbele ya dada yake. Nililia kwa sababu alishuka. Sikumwambia Dada Mizani kwamba wakati nimesimama pale nje, nimeushika mlango wazi, kila kitu ndani yangu kilikuwa kinamsubiri akatae. Angekataa mara moja tu, ningerudi ndani nikae naye.